Haki ya Kuulizwa: Mataifa Madogo Ndani ya Mipaka ya Uganda

Tarehe 4 Novemba 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru, wakazi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi walikwenda kupiga kura ya aina ambayo Uganda haijairudia hadi leo. Hawakuwa wakichagua mbunge wala chama. Waliulizwa jambo moja: mnataka kubaki chini ya Buganda, kurudi Bunyoro, au kuwa wilaya ya peke yenu? Katika kaunti zote mbili wengi walichagua Bunyoro, Buyaga kwa tofauti kubwa zaidi kuliko Bugangaizi, na tangu mwanzo wa mwaka 1965 kaunti hizo zikarudi zilikotoka.

Naanza na kura hiyo kwa sababu mijadala yetu kuhusu haki ya jamii ndogo kujiamulia mambo yake hukimbilia haraka mno kwenye bendera, mipaka na uasi. Mtu akitamka tu kwamba Wakonzo, Wabenet au Waik wana haki ya kuwepo kama watu wenye mambo yao, msikilizaji hudhani anatajiwa nchi mpya. Hoja yangu ni kwamba haki hiyo inaanzia mbali sana na bendera. Inaanzia kwenye kuulizwa, na serikali zetu, tangu za wakoloni hadi za leo, zimejijengea mazoea ya kugawa watu, ardhi na falme bila kuwauliza wanaogawiwa, kisha zikashangaa pale waliogawiwa walipochukua silaha.

Kaunti zile zilichukuliwa katika miaka ya 1890, Waingereza walipompiga vita Omukama, yaani mfalme, Kabalega wa Bunyoro wakisaidiwa na majeshi ya Buganda. Ardhi iliyotekwa ikawa zawadi kwa Buganda, na Mkataba wa 1900 ukaipa zawadi hiyo sura ya sheria. Ndani ya eneo hilo yalikuwamo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Wanyoro waliobaki walitawaliwa na machifu kutoka Buganda, na Kiganda kikawa lugha ya ofisini, ya kanisani na ya darasani. Mwaka 1921 waliunda Kamati ya Wanyoro wa Mubende, wakaandika malalamiko yao miaka nenda miaka rudi, na Waingereza wakayaweka kando hadi walipokaribia kufunga virago.

Kilichotokea kabla ya kura yenyewe kinafundisha kuliko matokeo yake. Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa Uganda, aliwapeleka askari wastaafu wa Kiganda kuishi Ndaiga, karibu na Ziwa Albert, kwa matumaini kwamba wangeongeza kura za Buganda. Serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote ikajibu kwa kuamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la wapiga kura la mwaka 1962. Uamuzi huo wa kiofisi, unaoonekana mkavu, ndio uliokuwa kiini cha jambo lote, kwa maana kuwauliza watu hakuna faida ikiwa anayeuliza, au anayeogopa jibu, anaweza kubadili watu wenyewe kabla ya siku ya kura. Matokeo yalipotoka Kabaka alikataa kutia saini hati za kuhamisha kaunti hizo, na Obote akatia saini mwenyewe. Uhasama huo ulichangia mpasuko uliofikia kilele tarehe 24 Mei 1966, jeshi liliposhambulia kasri la Mengo, makao ya Kabaka na serikali yake, na Mutesa akakimbilia Uingereza. Kwa hiyo sisemi kwamba kura ile iliiletea nchi amani. Nasema kwamba iliwapa watu wa Buyaga na Bugangaizi jibu walilolitoa wenyewe, na suala la wao kuwa chini ya Mengo au la likaishia pale.

Linganisheni na kaunti ambazo hazikuulizwa. Kura ilihusu mbili tu kati ya kaunti ambazo Bunyoro ilizipoteza. Bugerere na Buruuli zilibaki Buganda bila mtu yeyote kuulizwa, na wenyeji wake, Wanyala na Waruuli, wakaingia katika Uganda huru wakihesabiwa kuwa Waganda wa pembezoni. Miaka arobaini na mitano baadaye, Septemba 2009, Kabaka Mutebi II alipotaka kuzuru Kayunga iliyoko Bugerere, baadhi ya viongozi wa Wanyala walipinga ziara hiyo, serikali ikaizuia, na ghasia zikalipuka Kampala na miji mingine ya Buganda. Zaidi ya watu ishirini walikufa. Ni sharti tuwe waangalifu hapa, kwa sababu wengi katika Buganda wanaamini kwamba serikali iliutambua utemi wa Wanyala ili kuipunguza nguvu Mengo, na imani hiyo haikutoka hewani. Lakini hilo linathibitisha hoja badala ya kuibomoa. Mwaka 2009 hakuna aliyewauliza watu wa Bugerere kwa kura ya siri kama walitaka kuwa na mtemi wao, au kama waliridhika na Kabaka, au kama walitaka vyote viwili kwa mpangilio fulani. Mengo ilisema kwa niaba yao, Ikulu ikasema kwa niaba yao, wao wenyewe wakabaki uwanja wa mapambano ya wakubwa.

Mfano mchungu zaidi ni wa Rwenzori. Wakonzo na Waamba waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro na mikataba ambayo hawakushiriki kuiandika. Uhuru ulipokaribia waliomba jambo dogo: wapewe wilaya yao ndani ya Uganda, ili watoto wao wasome, na wakubwa wao watambuliwe, bila kupitia Fort Portal, makao ya Toro. Wawakilishi wao waliondoka katika baraza la Toro kwa kupinga, viongozi wao wakakamatwa, na ombi la wilaya likakataliwa. Tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirane akatangaza nchi huru ya Rwenzururu. Vita vya milimani vilivyofuata vilidumu, kwa kupanda na kushuka, hadi mwaka 1982, mwanawe Charles Mumbere aliposhuka na wapiganaji wake baada ya makubaliano na serikali ya Obote.

Linalonisumbua kila ninapoifikiria historia hiyo ni kwamba kile kilichoombwa mwaka 1962 kilikuja kutolewa. Mwaka 1974 Idi Amin aliigawa Toro na kuunda wilaya za Rwenzori na Semuliki. Wakonzo walipata wilaya, Waamba wakapata yao. Kati ya ombi na jibu kulipita miaka kumi na miwili na makaburi mengi ambayo hayakuwa na sababu ya kuchimbwa. Waliodai mwaka 1962 kwamba kuwapa Wakonzo wilaya kungeivunja nchi walipata kinyume chake, kwa kuwa ni kule kunyimwa wilaya ndiko kulikomfanya mwalimu wa shule kama Mukirane apande mlimani na kujiita mtawala wa nchi nyingine.

Serikali ya sasa iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, na miaka michache baadaye ikautambua ule wa Waamba huko Bundibugyo. Watu walishangilia kwa haki. Lakini utambuzi ulikuja kama zawadi ya mtawala, na zawadi huweza kunyang'anywa. Novemba 2016, baada ya mapigano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa ufalme, jeshi na polisi walilivamia kasri la Omusinga, yaani mfalme, Mumbere mjini Kasese, na katika siku mbili zaidi ya watu 100 waliuawa, polisi wakiwa miongoni mwao. Serikali ilisema ilikuwa ikizima njama ya kuunda nchi ya Yiira itakayowaunganisha Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo. Omusinga alishtakiwa kwa makosa mazito, akazuiwa kurudi kwake kwa miaka, na mwaka 2023 mashtaka yakafutwa. Wajane na mayatima wa siku zile mbili hawakufutiwa chochote.

Anayetaka kuelewa kwa nini hofu ya Yiira haiishi aende Mpondwe. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na siku ya soko akina mama hupita wakiwa na mafungu ya ndizi na samaki wakavu vichwani, wakipatana bei na ndugu zao wa upande wa pili kwa lugha ambayo huku inaitwa Lukonzo na kule Kinande, huku wabadilishaji fedha na madereva wa lori wakizungumza nao Kiswahili. Ni watu wamoja waliokatwa katikati na mstari waliokubaliana Wazungu mwaka 1910. Watu hao wamejifunza kuishi na mstari huo, na hawahitaji kuufuta ili wabaki kuwa wao. Wanachohitaji ni kuvuka bila kusumbuliwa, shule inayomfundisha mtoto kwa lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo kama sera inavyosema, na serikali isiyomwona kila mwenye jina la Kikonzo kuwa mpiganaji mtarajiwa.

Mfalme na wilaya ni madai ya watu ambao angalau ni wengi wa kutosha kusikika. Wapo ambao swali lao ni la chini zaidi: je, tumo katika hesabu? Katiba ya 1995, katika Ibara ya 10, inampa uraia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake ni wa mojawapo ya jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Majina ya jamii hizo yameorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Yalikuwa 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakayafikisha 65. Fomu ya kitambulisho cha taifa ina sehemu ya kujaza kabila, na kwa wengi wetu ni sehemu inayojazwa bila kufikiri. Kwa Mmaragoli wa Kiryandongo, ambaye jamii yake imeishi hapo kwa vizazi lakini jina lake halimo katika Jedwali, kalamu husimama hapo. Akijiandikisha kama kabila jingine atapata kadi, lakini atakuwa ameandika kwa mkono wake kwamba hayupo. Kenya ilikuwa na tatizo kama hilo na Wamakonde wa pwani yake, nao walipewa vitambulisho na kutambuliwa baada ya kufunga safari kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Inasikitisha kwamba mtu anapaswa kutembea mamia ya kilomita ili serikali ikiri kwamba amekuwa akiishi pale anapoishi.

Hata hivyo kuwemo katika orodha hakutoshi. Watwa wamo. Ni watu wachache, takribani 6,000 kwa sensa ya 2014, na kwa vizazi visivyohesabika msitu wa Bwindi na miteremko ya Mgahinga ilikuwa nyumba yao, duka lao la dawa na mahali pao pa ibada. Mwaka 1991 misitu hiyo ilifanywa hifadhi za taifa ili kuwalinda sokwe wa milimani, nao wakatolewa bila ardhi mbadala. Wakawa vibarua katika mashamba ya majirani na wapangaji wasio na hati katika nchi iliyokuwa yao kabla ya mtu yeyote kuleta jembe. Watalii wanaokuja kuona sokwe hulipa kwa dola, na Mtwa hucheza ngoma pembeni mwa barabara ili apate chumvi. Tarehe 19 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2013, ilikubali kwamba Watwa walitolewa bila fidia, kwamba hali yao ya leo inatokana na kutolewa huko, na kwamba wanastahili hatua maalumu za kuwainua, kisha ikalielekeza suala la hatua hizo Mahakama Kuu. Ilikuwa hukumu ya heshima, lakini hukumu hailimwi.

Wabenet wa Mlima Elgon wako katika hali inayokaribia kuwa kinyume cha hiyo. Jedwali haliwataji, wanahesabiwa ndani ya Wasabiny, lakini wanayo hukumu. Mwaka 1983 serikali iliwatengea hekta 6,000 ili waondoke msituni. Mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993 na ardhi ikapimwa upya, ilionekana kwamba watu walikuwa wamegawiwa hekta 7,500, na zile 1,500 za ziada zikahesabiwa kuwa za hifadhi pamoja na wenyeji waliokuwa wamekwisha kujenga na kulima juu yake kwa ruhusa ya serikali ileile. Oktoba 2005 Mahakama Kuu huko Mbale iliridhia makubaliano yanayowatambua Wabenet kuwa wakazi wa kihistoria wa eneo hilo, wenye haki ya kubaki na kulima. Mwaka 2008 wengi walifukuzwa tena. Tangu hapo kuna familia zinazoishi katika vibanda vya fito na udongo, kwenye makazi yaliyoitwa ya muda, ambako mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufukuzwa sasa ni mtu mzima.

Sheria za kimataifa hazina utata mkubwa kama wanasiasa wanavyotuaminisha. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1986, unasema katika Ibara ya 20 kwamba watu wote wana haki ya kuwepo, na haki isiyopingika ya kujiamulia mambo yao. Mwaka 1995, ikiamua shauri la watu wa Katanga, jimbo lililotaka kujitenga, dhidi ya Zaire, yaani Kongo ya leo, Tume ya Afrika ilieleza kwamba haki hiyo inaweza kutekelezwa kwa uhuru kamili, lakini pia kwa kujitawala ndani ya nchi, kwa serikali za mitaa, kwa shirikisho, au kwa njia nyingine yoyote inayolingana na matakwa ya watu wenyewe. Katanga hawakupewa nchi, na naona Tume iliamua vyema. Lakini haikuwaambia kwamba wasipopata nchi basi hawana kitu. Mahakama ya Afrika ilifuata njia hiyo mwaka 2017 ilipoamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa katika msitu wa Mau. Sisi wenyewe tunayo Ibara ya 36 ya Katiba, inayosema kwamba jamii za wachache zina haki ya kushiriki katika maamuzi na maoni yao yazingatiwe katika mipango ya taifa. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili lilipopigiwa kura Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono. Uganda haikupiga kura.

Zipo pingamizi mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza ni Sudan Kusini. Januari 2011 karibu asilimia 99 ya wapiga kura walichagua uhuru, na kabla ya mwisho wa 2013 nchi mpya ilikuwa ikijiua yenyewe. Tunaoishi Uganda hatuhitaji kusimuliwa, kwa kuwa tumewapokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi Yumbe, Adjumani na Arua. Wapo wanaouchukua msiba huo kuwa ushahidi kwamba watu wasiulizwe. Mimi naona swali la mwaka 2011 lilikuwa halali na jibu lake lilikuwa la kweli. Kilichokosekana ni kwamba baada ya bendera kupandishwa, jamii ndogo ndani ya nchi mpya hazikuulizwa tena lolote, na wenye bunduki wakagawana majimbo kama Waingereza walivyogawa kaunti.

Pingamizi ya pili inatugusa zaidi na sina jibu jepesi kwake. Kila kundi dogo lina kundi dogo zaidi ndani yake. Wanyoro wa Kibaale, wilaya iliyokuwa na kaunti zile za Buyaga na Bugangaizi, watoto wa wale waliopiga kura mwaka 1964, walijikuta mwaka 2002 wakimkataa mwenyekiti wa wilaya aliyechaguliwa kihalali, kwa sababu alikuwa Mkiga, na Wakiga waliohamia huko walikuwa wamekuwa wengi. Wanyoro waliogopa kumezwa upya katika ardhi waliyoirudisha kwa kura, na Wakiga walijiona raia wanaonyimwa matunda ya kura zao. Pande zote mbili zilikuwa na hofu ya kweli. Naamini mwenyeji ana haki ya kulindwa lugha yake, makaburi yake na ardhi yake ya jadi, na mhamiaji ana haki ya kupiga kura, kugombea na kutofukuzwa. Na mambo haya mawili hukaa pamoja pale tu yanapoandikwa mapema katika sheria, kabla ya uchaguzi, badala ya kuamuliwa kwa mapanga au kwa simu kutoka Ikulu. Kuigawa Kibaale ili kuunda Kagadi na Kakumiro kumepunguza joto kwa muda, lakini kukata wilaya vipande hakujibu swali la nani mwenye haki gani.

Tumezoea kukata vipande. Uganda sasa ina wilaya zaidi ya 130, na nyingi zilizaliwa kwa ahadi za jukwaani. Waik walipewa jimbo lao la ubunge, na kuanzia mwaka 2016 watu hao wapatao 14,000 wa mlima Morungole wana mtu wao bungeni, jambo jema kabisa. Lakini kiti kimoja hakiwarudishii bonde la Kidepo walikokuwa wakiwinda kabla halijafanywa hifadhi, wala hakimpi mtoto kitabu cha Kiik darasani. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: serikali hii imetambua majina mengi kuliko zilizotangulia. Kasoro ni kwamba inatambua kile isichogharimika nacho, na ardhi ina gharama.

Mahakama Kuu itakapofikia hatua za kuwainua Watwa, swali la kwanza liwe kwao. Wengine watataka mashamba karibu na shule na zahanati, wengine watataka ruhusa ya kuingia Bwindi kuabudu na kuchuma dawa, na inawezekana wazee na vijana wasikubaliane. Waachwe wajadiliane kwa lugha yao na kwa muda wao, wala si kwa semina ya siku moja hotelini Kisoro. Jedwali la Tatu lifunguliwe kwa utaratibu wa kudumu, ambapo jamii inaomba, inasikilizwa na kupewa jibu lenye sababu, pasipo kungoja marekebisho ya Katiba yatakayoletwa kwa ajili ya mambo mengine. Na kuhusu Elgon, Bunge lilikwisha kuubadili mpaka wa hifadhi mwaka 2002 kwa ajili ya zile hekta 6,000. Linaweza kuubadili tena kwa 1,500 zilizobaki, safari hii wazee wa Kibenet wakitembea na wapimaji kabla vigingi havijapigwa.